Isadora Duncan, mchezaji aliyefika Parthenon akashindwa kucheza

Ukimpiga picha mcheza bugobogobo chini ya majabali yetu ya Kanda ya Ziwa, mara nyingi jabali linammeza, hata arushe jembe juu vipi. Isadora Duncan naye yalimkuta, tena Athens, Ugiriki.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1877. Alitupa viatu vya baleti akacheza peku, akifuata miondoko aliyoiona kwenye sanamu na vyungu vya Wagiriki wa kale. Ulaya ikampenda. Mwaka 1913 wanawe wawili, Deirdre na Patrick, walizama ndani ya gari kwenye mto Seine, Paris.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alimshawishi mpiga picha Edward Steichen waende naye Ugiriki, akimwahidi kurekodi filamu akicheza. Walipofika akageuka: filamu hataki. Steichen akaazima Kodak kwa mhudumu wa hotelini, wakapanda Parthenon, hekalu la marumaru lenye nguzo za zaidi ya mita 10.

Pale katikati ya nguzo mwili uligoma. Kila alichojaribu alikiona hakina maana. Mwishowe akainua mikono tu, basi, Steichen akabonyeza.

Kwenye picha Isadora ni mdogo mno, yaani ukiperuzi haraka unampita. Ila kwa sababu filamu alizikataa, dansi yake tunaijua zaidi kwa picha kama hiyo.

Alifariki Nice, Ufaransa, 14 Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu kunasa kwenye gurudumu la gari.