Frederick Jones: Fundi aliyeifanya injini ijiwashe yenyewe

Lori la samaki au la chanjo linapoegeshwa usiku kando ya barabara kuu, mashine yake ya ubaridi hujiwasha joto likipanda na kujizima likishuka, ilhali dereva amelala.

Asili ya mtambo huo ni mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, na mmoja wa waasisi wake ni fundi mweusi aliyeacha shule akiwa mtoto.

Frederick McKinley Jones alizaliwa Cincinnati, Ohio, tarehe 17 Mei 1893. Alikua bila mama, na baba yake alimwacha angali mdogo chini ya uangalizi wa padri mmoja huko Covington, Kentucky.

Baadaye alirejea Cincinnati na kupata kazi ya kufagia gereji. Kwa kutazama na kuuliza, akawa fundi kabla ya kutimiza miaka 20.

Zama za betri

Mwaka 1912 Jones alihamia Hallock, karibu na mpaka wa Canada, kutengeneza mashine za shamba kubwa. Mwaka huo huo magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme badala ya mkono wa kuzungushia injini.

Mabadiliko hayo yalileta maradhi mapya: gari lililolala zima likaamka likiwa halina umeme. Katika baridi ya Minnesota, ambako nguvu za betri hupungua sana na mafuta ya injini huwa mazito, tatizo hilo ni kubwa zaidi.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza Jones alitumikia jeshi nchini Ufaransa, na huko alitandaza nyaya za umeme kambini. Aliporudi Hallock aliunda mtambo wa kurushia matangazo ya redio, kisha vifaa vya sauti kwa ajili ya sinema.

Kazi hiyo ya sinema ndiyo iliyomfikisha Minneapolis mwaka 1930, alipoajiriwa na mfanyabiashara Joseph Numero.

Kuku walioharibika

Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwenye malori mmoja aliyefahamiana na Numero alipoteza shehena ya kuku kwa sababu ya joto. Jones akaanza kubuni jokofu la kupachikwa kwenye lori, na mwaka 1938 ikaundwa kampuni iliyokuja kuitwa Thermo King.

Kutengeneza ubaridi hakukuwa kugumu sana. Ugumu ulikuwa kuifanya mashine istahimili mitikiso ya barabara, inayolegeza nyaya na kuzusha hitilafu zinazokuja na kutoweka. Mtambo wa kwanza uliofungwa chini ya lori ulishambuliwa na matope, ndipo ukahamishiwa juu, upande wa mbele.

Kisha ikabaki betri. Injini inayojiwasha mara nyingi kwa siku hula umeme kila inapoanza. Usiporudishwa, betri huisha na mzigo huoza.

Mwaka 1943 Jones alipewa hataza ya njia ya kuwasha na kuzima injini bila mkono wa mtu. Mwaka 1949 alipata nyingine ya kifaa kimoja kilicho stata na jenereta pia: huanzisha injini, kisha huijaza betri.

Mafundi wa leo wanakabiliwa na fumbo hilo hilo. Betri ikiisha gari likiwa limezimwa, huunganisha mita kati ya betri na waya wake hasi, husubiri vifaa vyote vilale, kisha huchomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ikichomolewa umeme unaovuja hushuka, ndiyo inayoonyesha njia yenye kasoro.

Heshima iliyochelewa

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili majokofu ya Jones yalihifadhi chakula, dawa na damu ya majeruhi. Mwaka 1944 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha wahandisi wa majokofu cha Marekani, ingawa hakuwahi kukanyaga chuo kikuu.

Alifariki dunia Minneapolis tarehe 21 Februari 1961, akiwa na umri wa miaka 67 na hataza zaidi ya 60.

Ilichukua miaka 30 zaidi kwa taifa lake kumtunuku. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush aliwakabidhi wajane wa Jones na Numero Nishani ya Taifa ya Teknolojia, na Jones akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata.