MAN RAY: FUNDI WA PICHA ZA NDOTONI

Aghalabu mtu aendaye studio kupigwa picha hutaka jambo moja tu: afanane. Kofia na kanzu yake zionekane, na jamaa zake wakiitazama wamjue mara moja. Marehemu Man Ray aliijua kazi hiyo barabara, na ndiyo iliyompa riziki yake. Lakini lililomtangaza ulimwenguni ni kinyume cha hilo. Alitengeneza picha nyeusi na nyeupe ambazo mtu huzitazama kwa muda mrefu akijiuliza, hiki nikionacho ni nini?

Alizaliwa tarehe 27 Agosti, 1890, mjini Philadelphia, Marekani, akaitwa Emmanuel Radnitzky. Wazazi wake walikuwa Mayahudi waliohama kutoka Urusi. Baba alikuwa fundi cherehani, na mama naye alikuwa hodari wa kushona. Familia ilihamia Brooklyn, New York, na mtoto akakulia katikati ya sindano, pasi na vipande vya nguo. Baadaye jamaa wote walilifupisha jina la ukoo wakajiita Ray.

Moyo wa kijana huyu ulikuwa katika uchoraji. Kamera aliishika kwa ajili ya kupiga picha za michoro yake mwenyewe. Mwezi Julai 1921 alivuka bahari akaenda Paris, na Desemba mwaka huohuo akafanya maonyesho yake ya kwanza huko. Siku ya ufunguzi alinunua pasi ya chuma, akaigandisha mstari wa misumari kwenye uso wake wa chini, akaiweka pamoja na michoro. Mtoto wa fundi cherehani akawa ametengeneza pasi ya kurarua nguo! Siku haikwisha pasi ile ilikuwa imetoweka, na haikuonekana tena.

Michoro haikumpatia fedha, basi akawa anapiga picha za mitindo ya mavazi na za watu mashuhuri, wakiwemo Picasso na James Joyce. Usiku mmoja alikuwa katika chumba cha giza akisafisha picha za mavazi. Karatasi moja isiyopigwa picha ilijichanganya na nyingine. Bila kukusudia hasa, aliweka juu yake mrija wa kumiminia dawa, chupa ya kupimia na kipimajoto, kisha akawasha taa. Hapo karatasi ikaanza kubadilika mbele ya macho yake. Pale vitu vilipokaa pakabaki peupe, na pande zote pakawa peusi.

Jambo hilo linastahili kufikiriwa. Yapata miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Haytham wa Basra alichunguza jinsi mwangaza unavyopenya tundu dogo na kuingia katika chumba chenye giza. Kamera hufanya kazi kwa njia hiyo. Man Ray aliondoa tundu na kamera, akabakia na mwangaza, kivuli na karatasi. Si yeye wa kwanza kufanya hivyo, kwani Mwingereza Talbot alijaribu kwa majani ya miti katika miaka ya 1830. Lakini Man Ray aliipa njia hiyo jina lake mwenyewe, na mwaka 1922 akatoa mkusanyo wa picha 12 za namna hiyo.

Mwaka 1924 André Breton alitangaza usurealisti, yaani sanaa ya kutafuta ukweli uliojificha ndotoni. Man Ray akawa mpiga picha mkuu wa kundi hilo. Zipo picha zake za wanawake ambazo watu wenye haya hawawezi kuzitundika sebuleni. Mojawapo ya mwaka huo, ya mgongo wa mwanamke uliotiwa matundu ya fidla, iliuzwa mnadani New York mwezi Mei 2022 kwa zaidi ya dola milioni 12.

Picha yake inayotugusa sisi Waafrika zaidi ni ya mwaka 1926. Mwanamke mweupe ameulaza uso wake mezani, macho kayafumba. Mkononi ameshika kinyago cheusi cha mtindo wa Wabaule wa Ivory Coast. Nyuso mbili hizo zinafanana kwa utulivu. Mwingine akisimama mbele yake katika jumba la makumbusho husifu jinsi weusi na weupe walivyopewa heshima sawa. Mwingine huingiwa na uchungu. Mwanamke yule anajulikana, naye ni Kiki. Mpiga picha anajulikana pia. Aliyekichonga kinyago hatajwi kamwe.

Msaidizi wake tangu 1929, Lee Miller, naye alikaa kivulini muda mrefu. Siku moja katika chumba cha giza kitu kilimpitia mguuni, akawasha taa kwa hofu. Filamu zilizokuwa dawani zikatoka zikiwa na mstari mweusi uliozunguka mwili. Wawili hao wakaiendeleza njia hiyo, lakini sifa ikamwendea Man Ray. Lee alimwacha mwaka 1932.

Yapata wakati huo ndipo alipotengeneza picha ya macho ya mwanamke yakitazama juu, machozi yamesimama shavuni. Anayeitazama kwa mara ya kwanza humhurumia. Akiisogelea huona kuwa machozi ni shanga za kioo, tena picha yenyewe ilitumiwa kutangazia wanja usiochujuka. Hapo wengine huona wamechezewa. Wengine husema kwamba huzuni waliyoihisi ilikuwa yao wenyewe, na shanga zimeiamsha tu.

Wajerumani walipoiteka Paris mwaka 1940, alikimbilia Marekani akiacha kazi zake nyingi nyuma. Huko akamwoa Juliet Browner mwaka 1946. Walirudi Paris mwaka 1951, na huko akafariki tarehe 18 Novemba, 1976, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Mpaka mwisho alipenda aitwe mchoraji, lakini watu wamemkumbuka kwa picha. Na wenye kuzitazama wangali wanabishana. Kwa hakika aliyofunza ni haya: picha haisemi uongo wala kweli peke yake. Mwangaza huja na kivuli chake, na mtazamaji huja na moyo wake. Basi kabla hatujaiapia picha yoyote kuwa ni ushahidi, tuulize nani aliiwasha taa, na nani ameachwa gizani.