Demosthenes: Mlumbi Aliyelitiisha Bega Lake

Miongoni mwa walumbi wa kale, ni wachache waliosifika kama Demosthenes wa Athens, Ugiriki. Hata hivyo, hakuzaliwa na kipawa cha kusimama mbele ya watu. Pumzi yake ilikuwa fupi, matamshi yake yalikuwa na kitata, na kila alipohutubu bega lake lilipanda na kushuka bila hiari yake.

Alizaliwa mwaka wa 384 K.K. Baba yake, aliyemiliki karakana ya kufulia panga, aliaga dunia mtoto akiwa na umri wa miaka 7. Walezi watatu walikabidhiwa mali hiyo, nao wakaifuja. Katika mahakama za Athens, mdai alitarajiwa kujisemea mwenyewe. Hivyo basi, kijana huyo alipowashtaki walezi wake akiwa na takriban miaka 20, urithi wake ulitegemea ulimi wake. Alishinda kesi, lakini akapata sehemu ndogo tu ya mali.

Alipoanza kuhutubia baraza la raia, alichekwa na kuzomewa. Plutarch, aliyeandika maisha yake takriban karne nne baadaye, anasimulia kwamba mwigizaji Satyrus ndiye aliyemwonyesha jinsi maneno yale yale yanavyopata uhai yakitolewa kwa sauti na ishara zifaazo. Basi Demosthenes akajijengea chumba chini ya ardhi, akawa anajifungia humo hata kwa miezi miwili au mitatu, upande mmoja wa kichwa ameunyoa ili aone haya kutoka nje. Alizungumza akiwa na vijiwe kinywani, akakariri mashairi huku akipanda mlima, na akajitazama katika kioo kikubwa. Ama kuhusu bega, masimulizi ya kale yanaeleza kwamba alining'iniza upanga juu yake. Kila lilipopanda lilikutana na ncha, hadi likazoea kutulia.

Je, mazoezi hayo yaliing'oa hofu? La. Mwaka wa 346 K.K., mbele ya Mfalme Philip wa Makedonia, inadaiwa kwamba alibabaika na kunyamaza katikati ya hotuba. Aliyeeleza hayo ni hasimu wake, Aeschines, ambaye alikuwa na sababu ya kumdhalilisha. Mwaka wa 330 K.K. Aeschines alipinga mahakamani pendekezo la Demosthenes kutunukiwa taji. Demosthenes alijibu kwa hotuba iliyomwacha mpinzani wake bila hata humusi moja ya kura. Aeschines akauhama mji.

Demosthenes alikufa mwaka wa 322 K.K. kwa kunywa sumu, akiwakimbia Wamakedonia. Maisha yake yanamfunza mwanafunzi anayetetemeka akiwasilisha makala kwamba si lazima hofu imwishe ndipo asimame. Mwili hufunzika kwa mazoezi ya faraghani, na hofu ikija hadharani, huukuta umekwisha kujua la kufanya.