Theodore Roosevelt na safari za bure katika gari la moshi



Kwetu Masisi na Walikale hatuna reli. Wale wa Walikale wakifuata barabara ya Lubutu mpaka Kisangani, ndipo wanakuta reli ya kwenda Ubundu, kilometa kama 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Mwaka ule ule, mbali sana kule Marekani, Prezida wa inchi alitia sahihi sheria ya kukataza wakubwa kupanda gari la moshi bure. Jina lake Theodore Roosevelt. Tueleze maisha yake kwa ufupi.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika jamaa ya matajiri. Utotoni pumu ilimtesa sana, hata usiku pumzi ilikuwa kazi. Akajizoeza mazoezi ya mwili mpaka akapata nguvu. Alimaliza masomo Harvard mwaka 1880, na mwaka 1882 akaingia katika bunge la jimbo la New York akiwa na miaka 23 tu. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake walikufa siku moja, katika nyumba moja. Kwa huzuni ile akaenda magharibi kufuga ng'ombe, kisha akarudi katika kazi ya serkali. Mwezi wa Septemba 1901 Prezida McKinley alipigwa risasi akafa, na Roosevelt, aliyekuwa makamu wake, akashika kiti. Alikuwa na miaka 42.

Wakati ule kampuni za reli zilikuwa na nguvu kupita kiasi. Zilikuwa na desturi ya kugawa karatasi za kusafiri bure. Nani alizipata? Si maskini. Ni wadepite, majuji, waandishi wa magazeti, na wakubwa wengine. Mkulima aliyetuma ngano yake sokoni alilipa bei yote, na juu yake zilianguka pia gharama za wale wasiolipa kitu.

Mtu atauliza: ubaya ni nini, si zawadi tu? Tufikiri vizuri. Karatasi ile haikuitwa rushwa, wala haikuandikwa deni. Lakini mdepite aliyesafiri mwaka mzima bila kutoa hata senti, siku kampuni ile inashitakiwa mbele yake, atafungua kinywa namna gani? Wazee walisema: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sisi wenyewe tunajua mambo ya malori. Askari wa bariyeri aliyebebwa bure jana, leo atakagua mizigo ya lori lile kwa jicho gani?

Roosevelt alipigania sheria iliyoitwa Hepburn, akaitia sahihi tarehe 29 Juni 1906. Sheria ile iliipa tume ya serkali uwezo wa kuweka mwisho wa bei za reli. Tena ilikataza karatasi za bure, na ikatoza faini yule anayetoa na yule anayetumia, wote wawili. Waliachwa wachache tu, kama wafanyakazi wa reli na jamaa zao, na wahubiri wa dini.

Basi, angalieni jambo hili. Mbele ya sheria ile, Prezida mwenyewe alikuwa anabebwa bure na kampuni za reli, na Roosevelt alipenda sana kusafiri. Sheria ilimfunga yeye kwanza. Kwa hiyo Bunge lilitenga dolari 25.000 kwa mwaka za safari za Prezida. Franga zilitoka katika mfuko wa serkali, mahali ambapo kila mtu anaweza kuziona na kuzihesabu.

Alitoka kitini Machi 1909, akaja Afrika kuwinda, pamoja na mwana wake Kermit. Walifika Mombasa Aprili 1909, wakapanda treni ya pekee katika reli ya Uganda, ile iliyojengwa na Waingereza kuanzia 1896 mpaka 1901, ambamo wafanyakazi karibu 2.500 kutoka Uhindi walikufa. Walimfungia kiti mbele kabisa ya mashini, akakaa pale akitazama wanyama. Alifika hata Lado kando ya Nile, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Congo. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500, jambo ambalo wengi leo hawalisifu.

Ndiyo, alipenda heshima, na pale Mombasa alipewa heshima ya mfalme. Lakini siku ile hakuwa tena na hukumu ya kutoa juu ya reli yoyote. Tofauti iko hapo.

Alikufa tarehe 6 Januari 1919. Sisi tunaosoma leo, kesho wengine wetu watashika muhuri wa ofisi. Siku ile lori litasimama mlangoni, na dereva ataita: panda tu, mkubwa, ni bure. Tukumbuke kuuliza kwanza nani amelipa.