MIIBA YA BWANA METCHNIKOFF

Nani hapa Kanyangi hajawahi kudungwa na mwiba wa mgunga akitafuta mbuzi? Unauchomoa, unasahau, halafu usiku unasikia mguu unawaka moto. Asubuhi umevimba, siku ya tatu ni usaha. Mimi siku zote nilidhani uvimbe ndio ugonjwa wenyewe. Kumbe! Aliyegundua ukweli wake alikufa zamani, na leo nataka kuwasimulia habari zake.

Elie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, mahali ambapo leo ni Ukraine lakini wakati huo palitawaliwa na Urusi. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali. Masomo ya chuo kikuu ya miaka 4 aliyamaliza kwa miaka 2! Nyumbani, lakini, mambo yalikuwa magumu. Mkewe wa kwanza, Ludmila, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu hata siku ya harusi akabebwa kitini kuingia kanisani. Akafariki mwaka 1873. Metchnikoff alikata tamaa kabisa akajaribu kujitoa uhai, na miaka michache baadaye akajaribu tena. Mara zote mbili akapona. Mtu huyu ambaye hakutaka kuishi ndiye aliyekuja kuona jinsi mwili unavyopigania uhai.

Ilikuwa Desemba 1882, mjini Messina, Italia. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wamekwenda kutazama nyani wa sarakasi, yeye akabaki na hadubini. Alikuwa akichungulia watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonyesha kila kitu ndani kama kioo. Wazo likamjia. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawadunga nayo. Usiku ule usingizi haukuja. Alfajiri akakuta chembe hai zinazotembeatembea mwilini zimeuzingira mwiba pande zote, kama wanakijiji waliomzingira mwizi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Madaktari wa siku hizo walishikilia kwamba uvimbe ni jambo la mishipa ya damu. Lakini yule mtoto wa kiti cha pweza hana mishipa ya damu hata mmoja! Basi kiini cha uvimbe ni zile chembe zinazokimbilia adui kummeza. Mishipa huzisaidia tu kufika. Mwaka 1884 akaonyesha jambo hilo kwa mdudu mdogo wa maji baridi aitwaye dafnia: vijidudu vya ukungu vyenye ncha kama sindano vilipomwingia, chembe zake zilivila. Zilipozidiwa, dafnia alikufa.

Wengi walimpinga. Robert Koch wa Ujerumani alimpokea kwa ubaridi, lakini Louis Pasteur akamkaribisha Paris mwaka 1888, akakaa huko hadi mwisho. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Uzeeni aliamini maziwa yaliyoganda yanarefusha maisha, akayanywa kila siku. (Nyanya zetu wenye vibuyu wangemwelewa.) Hata hivyo alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71.

Mbona nimemchagua yeye? Muhula uliopita tulipasua kambare katika somo la Bayolojia. Juu ya matumbo tukakuta vinundu vigumu, na ndani ya kimoja mnyoo umejikunja. Wenzangu wakakimbilia dirishani, ati samaki ameoza. Mwalimu akatueleza kwamba mnyoo ni mkubwa mno kumezwa na chembe moja, kwa hiyo chembe nyingi za samaki hujikusanya na kumjengea ukuta. Ukuta huo una gharama, kwani nyama iliyo karibu huumia pia. Tena si kila samaki hushinda: omena wa Ziwa Victoria huonekana tumbo limejaa mnyoo bapa mweupe, na samaki yu hai bado.

Nilikiweka kile kinundu chini ya hadubini nikakitazama hadi kengele ya chakula ikalia. Niliporudi, paka wa jikoni alikuwa amemaliza kambare, vinundu na vyote.