Richard Pryor: Mchekeshaji aliyekuwa mtani wa misiba yake mwenyewe

Tunduma. Kwenye misiba mkoani Songwe, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mtani akifika watu hujua kicheko hakikosekani. Ataigiza mwendo wa marehemu, atazuia kaburi lisifukiwe mpaka apewe chochote, na aliyekuwa analia atajikuta anafuta machozi huku anacheka.

Lakini mtani huchezea msiba wa mwenzake. Richard Pryor, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 2005, aliifanya kazi hiyo kwenye misiba yake mwenyewe. Wengi wanaopanda jukwaani leo kuchekesha kwa shida za kwao wanapita njia aliyoifungua yeye.

Alikulia kwenye danguro

Pryor alizaliwa Desemba 1, 1940 mjini Peoria, jimbo la Illinois. Aliyemlea ni bibi yake, Marie, ambaye biashara yake ilikuwa danguro. Mama yake alifanya kazi humohumo, kisha akaondoka Richard akiwa bado mtoto wa miaka kama 10. Utotoni alinajisiwa, na alipofika miaka 14 alifukuzwa shule.

Kilichomuokoa ni kuchekesha. Juliette Whittaker, mwalimu wa maigizo katika kituo cha jamii mjini hapo, alimuona ana kitu akampa nafasi jukwaani. Pryor hakumsahau. Miaka mingi baadaye aliposhinda tuzo ya Emmy, alimpelekea mama huyo iwe yake.

Akashuka jukwaani

Mwaka 1963 alihamia New York kutafuta maisha. Huko akawa anamuiga Bill Cosby, utani msafi usiomkera mtu. Pesa ikaanza kuingia, televisheni zikamuita.

Mwaka 1967, mbele ya watu kwenye hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, alisimama, akawatazama, akashuka zake. Alichoka kuwa mtu mwingine.

Aliporudi kwa nguvu miaka ya 1970 alikuja na Peoria nzima mgongoni: bibi yake mkali, walevi, makahaba na wazee wa kijiweni. Hakuwacheka kwa mbali. Aliwaigiza sauti na mwendo mpaka mtu anajiona yumo humo.

Novemba 1977 alipata mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata alirekodi onyesho ambalo hadi leo wachekeshaji wengi wanalihesabu kuwa la juu kabisa. Humo moyo wake aliupa sauti kama ya mkorofi anayemkaba mtu uchochoroni, unamhoji mbona anakula sana nguruwe, na yeye anajinyonganyonga sakafuni anaomba msamaha. Ukumbi ukavunjika mbavu kwa kitu ambacho kingeweza kumuua.

Safari ya Kenya

Mwaka 1979 alikwenda Kenya. Akiwa amekaa mapokezi hotelini, akatazama watu wakipita na kugundua kwamba wote waliomzunguka ni weusi, kila mmoja na shughuli yake. Akagundua jambo la pili: tangu afike, wiki kama tatu, lile neno la Kiingereza la kuwatukana watu weusi halikuwa limemtoka mdomoni.

Hilo halikuwa jambo dogo. Neno hilo alikuwa amelitumia sana jukwaani, na albamu yake ya mwaka 1974 iliyobeba neno hilo kwenye jina ilimpa tuzo ya Grammy. Aliporudi Marekani alitangaza kwamba analiacha. Kuna mashabiki waliona kapoa, lakini hakurudi nyuma.

Moto

Juni 9, 1980, akiwa amezama kwenye kokeini, Pryor alionekana akikimbia barabarani Los Angeles huku anaungua. Nusu ya mwili iliungua, akalazwa wiki sita. Maelezo ya mwanzo yalikuwa kwamba ni ajali.

Mwaka 1982 akalipeleka jukwaani. Alisimulia jinsi bomba la kuvutia kokeini lilivyokuwa linazungumza naye na kumkataza kutoka nje. Mwishoni akawasha kijiti cha kiberiti, akakipitisha hewani na kurudia utani wa mitaani kuwa huyo ndiye Pryor anakimbia. Watu wakaanguka kwa kicheko.

Hata hivyo, kicheko kile hakikusema yote. Mwaka 1995, kwenye kitabu cha maisha yake, aliandika kwamba moto ule aliuwasha mwenyewe kwa makusudi.

Kiti cha magurudumu

Mwaka 1986 madaktari walimkuta na ugonjwa unaokula neva na kuumaliza mwili taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipanda jukwaani akiwa amekaa, anautania mwili unaomgomea. Mwaka 1998 alikuwa wa kwanza kupewa Tuzo ya Mark Twain, heshima kubwa ya wachekeshaji Marekani.

Alifariki Desemba 10, 2005 kwa mshtuko wa moyo, siku tisa baada ya kutimiza miaka 65.

Mtani wa msibani hupewa chake akaondoka, majonzi akawaachia wafiwa. Pryor alichekesha dunia kwa zaidi ya miaka 30, lakini onyesho likiisha na taa zikizimwa, mtani na mfiwa walirudi nyumba moja.