Louise de Marillac, mjane aliyewatunza watunzaji

Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimtangaza Mtakatifu Louise de Marillac kuwa msimamizi wa wafanyakazi wa huduma za jamii. Ndiye basi mwombezi wa wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba na daftari mkononi, wanaolea yatima, wanaotembelea wafungwa, wengi wao kwa posho ndogo au bila posho kabisa. Katika parokia zetu anajulikana kidogo. Mwenzake wa kazi, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ndiye mwenye chama na sherehe. Nimemchagua Louise kwa sababu mwanamke huyu aliyeongoza wahudumu wengi aliishi miaka mingi na huzuni na wasiwasi, wala hakumficha mlezi wake wa kiroho.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1591 katika ukoo mkubwa wa Ufaransa, nje ya ndoa. Mama yake hajulikani hadi leo. Baba alimtambua kuwa mwanawe na kumpeleka kusoma kwa watawa Wadominiko wa Poissy, lakini alifariki binti hajafikisha hata miaka 13. Alipokua alitamani utawa wa Wakapuchini, akakataliwa kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu. Ukoo ukamwoza mwaka 1613 kwa Antoine Le Gras, katibu wa Malkia Marie de Médicis, nao wakapata mtoto mmoja, Michel.

Miaka michache baadaye Antoine akaanza kuugua, na ugonjwa ukambadilisha hata tabia. Louise alimuuguza, huku akijihukumu. Aliamini Mungu anamwadhibu kwa sababu aliwahi kuahidi kuwa mtawa kisha akaolewa. Tangu sikukuu ya Kupaa Bwana mwaka 1623 hali ikawa mbaya zaidi. Alijiuliza kama amwache mume wake. Alijiuliza kama amwache padri aliyemwongoza. Mwisho akafika mahali pa kutilia shaka kama roho ya mwanadamu haifi. Leo mtu akieleza mambo hayo, mshauri mwenye busara angeuliza pia kama analala, kama anakula, na kama yuko mtu anayempokezana naye kumwangalia mgonjwa.

Siku ya Pentekoste, akiwa katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs jijini Paris, alipata mwanga. Alielewa kwamba anapaswa kubaki na mume wake, na kwamba siku moja ataishi katika jumuiya ndogo ya kuwahudumia maskini, ambayo watu wake watakuwa wakitoka na kuingia. Jambo hilo lilimshangaza, kwa maana watawa wa kike wa siku zile walikaa ndani ya kuta. Aliyaandika hayo yote na kuyahifadhi.

Hapa wasimuliaji wengi huweka nukta, kana kwamba giza lilikwisha siku ile. Naona si haki kwake. Mashaka yale makubwa yaliondoka, ndiyo, lakini wasiwasi ulimfuata katika barua zake miaka yote iliyobaki. Antoine alifariki Desemba 1625. Mjomba wa mtu huweza kuwa nguzo, lakini hata huo msaada Louise hakuufaidi kwa muda mrefu upande wa baba zake wadogo na wakubwa: Michel de Marillac, aliyekuwa mtunza mihuri ya mfalme, alivuliwa cheo na kufungwa mwaka 1630, na Louis, jemadari, akakatwa kichwa mwaka 1632. Mwanawe Michel naye alikuwa mzigo wa moyo. Louise alitamani sana awe padri. Kijana akaingia seminari, akasitasita miaka mingi, mwishowe akaoa mwaka 1650. (Sisi tulio seminarini tunajua kwamba maombi ya mama yanaweza kumbeba mtu, na yanaweza pia kumlemea.) Padri Vinsenti alimwambia waziwazi kwamba hajaona mama anayezidi kuwa mama kama yeye.

Vinsenti hakumwona mjane huyo kama mgonjwa wa kuhurumiwa tu. Mwaka 1629 alimtuma Montmirail kukagua vyama vya upendo vya parokia, na kazi ikamwamsha. Alisafiri kwa magari ya farasi yasiyo na raha, alikagua hesabu, alifundisha wasichana. Baada ya hapo tatizo likageuka: hakujua kusimama. Ndipo Vinsenti alipomwandikia shauri ambalo ningependa kila mhudumu alijue. Alimweleza kwamba shetani huwanasa watu wema kwa kuwasukuma wafanye zaidi ya uwezo wao, hadi wasiweze kufanya lolote. Bali Roho wa Mungu huwavuta kwa upole wafanye lile linalowezekana, ili waweze kulifanya kwa muda mrefu. Yaani kujichosha hadi kuanguka, jambo tunalozoea kulisifu kwenye mazishi, yeye alilihesabu kuwa kishawishi.

Shauri hilo halikuwa la nadharia. Msichana wa kwanza kujitoa kwa kazi hiyo, Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe wa Suresnes aliyejifundisha mwenyewe kusoma, alifariki mwaka 1633 kwa tauni baada ya kulala kitanda kimoja na mwanamke mgonjwa. Upendo wake tunauheshimu. Hata hivyo kiongozi anayepokea wasichana wa vijijini ana wajibu wa kuuliza nani atawalinda wao. Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo Louise aliwapokea wachache nyumbani kwake, nao ndio mwanzo wa Mabinti wa Upendo.

Alichowapa ni utaratibu wa siku: saa ya sala, saa ya kazi, saa ya kula, saa ya kulala. Hakuwatuma mmojammoja, bali wawiliwawili au zaidi, na pia aliwaandikia. Barua zake zimebaki mamia, na ndani yake anauliza kuhusu homa ya huyu, anaelekeza dawa ya yule, anataka kujua kama wenzao wa mbali wanapatana. Walipochukua hospitali ya Angers, yeye mwenyewe alikwenda huko, akaugua hukohuko, na mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1640 yakataka masista wahesabiwe kuwa mabinti wa nyumba, si vibarua. Nadhani sharti hilo linasema zaidi kuhusu utakatifu wake kuliko njozi yoyote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, tunayemsoma darasani, anataja usingizi na kuoga kati ya dawa za huzuni, pamoja na machozi na huruma ya marafiki. Mtu ni mwili na roho, na Louise alipanga kazi yake akikumbuka vyote viwili.

Kazi zilizidi kuongezeka: watoto waliotupwa tangu 1638, wafungwa wa merikebu, wakimbizi wa vita. Yeye mwenyewe aliendelea kuugua mara kwa mara, na Vinsenti alisema karibu miaka 13 kabla ya kifo chake kwamba kwa kawaida ya mwili angekuwa amekwisha kufa zamani.

Mwanzoni mwa 1660 akalala kitandani asiinuke. Alitamani kumwona Vinsenti, lakini naye, karibu miaka 79, miguu ilikuwa imemkatalia. Alimtuma padri mmoja amwambie kwamba yeye Louise anatangulia, na kwamba anatumaini kumwona mbinguni karibuni. Alifariki tarehe 15 Machi 1660. Mwezi Julai Vinsenti aliwakusanya masista ili kila mmoja aseme alichokiona kwake, na baadhi yao walishindwa kumaliza kwa kulia. Tarehe 27 Septemba mwaka huohuo akamfuata.